Pedali ya Cherehani Yangu Inalia Kwenye Kanda

Nilichomoa waya wa spika. Sikuomba ruhusa. Mwenye kioski cha kanda pale soko la Migori alikuwa ameiweka spika juu ya kreti ya soda, imetazama barabara, na watu kama kumi wamesimama wakisikiliza. Nilipita katikati yao na mtoto mgongoni, nikashika waya, nikavuta. Gita ikanyamaza.

"Wewe mama, una wazimu?"

"Sina. Huyo anayepiga ni bwana yangu."

Akanionyesha karatasi ya kanda. Palikuwa na mwanamume wa suti nyeupe, amesimama, gita imening'inia shingoni kwa mkanda. "Bwana yako ni huyu?"

"Huyo simjui."

"Basi kila mwenye kusikia gita tamu akimbie kusema ni ya bwana yake!" Watu wakacheka. Mama mmoja muuza nyanya akaongeza, "Mwacheni, pengine walioana ndotoni."

"Bwana yangu alishakufa," nikasema. Kicheko kikaisha. "Rudisha waya, halafu sikiliza baada ya ubeti wa pili. Kuna kitu kinalia kwi-nyii, kwi-nyii. Hiyo ni pedali ya cherehani yangu."

Akarudisha. Wote wakainamisha vichwa. Ubeti wa pili ukaisha, gita ikapanda, na chini yake, wazi kabisa, kwi-nyii.

"Mayo!" akasema yule muuza nyanya, akaondoa mkono kwenye nyanya zake akauweka mdomoni.

Wacha niseme sauti ile ilivyopatikana, maana sasa wako wanaodai wanajua.

Tulikuwa tunakaa Homa Bay, chumba kimoja nyuma ya soko la samaki. Mimi nilikuwa fundi wa nguo, na cherehani ya miguu niliyopewa na mama nilipomaliza fomu foo. Bwana yangu alikuwa na gita ya kawaida ya umeme, lakini alisikia redioni ile gita ya Wamarekani inayolazwa mezani, ile inayopanda na kushuka kama mtu anayeongea huku anajizuia kulia. Hatukuwa tumeiona hata kwa picha. Kilichomnyima usingizi ni hiki: uzi mmoja unapandaje peke yake na zingine zinabaki pale pale? Mpaka mtu mmoja wa misheni akamwambia, chini kuna pedali, mguu unavuta waya. Bwana yangu akageuka, akatazama cherehani yangu. Nikajua nimekwisha.

Kichwa cha cherehani kinazama ndani ya meza yake. Alikizamisha, akalaza gita juu. Akatoa waya wa breki ya baiskeli, akaufunga kwenye pedali na kuupitisha hadi kwenye uzi wa pili. Ukikanyaga, uzi unakazwa, sauti inapanda. Ukiachilia, inashuka. Babu yake alipiga nyatiti, kile kinubi cha Wajaluo, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, ikigonga ubao, kwa hiyo mguu kufanya kazi ya muziki kwao haikuwa ajabu. Ajabu ilikuwa kwangu, mwenye yunifomu za watu za kushona.

Mkono wa kushoto haukubonyeza nyuzi kwa vidole. Uliteleza na chuma, kichwa cha spana ya boksi alichosugua kwa majivu siku tatu, kwa sababu, alisema, chuma chenye mkwaruzo kinatoa sauti yenye mkwaruzo. Ukingo wa kiganja cha kulia ulizima kila uzi uliomaliza kazi yake, sauti zisikanyagane. Na kidole cha mwisho kilikaa kwenye kile kifundo cha gita cha kuongeza sauti. Alipiga uzi kifundo kikiwa kimefungwa, kisha akakifungua polepole.

"Watu wasisikie kidole," alisema. "Wasikie kilio tu."

Tuligombana sana. Mwishowe tukakubaliana asubuhi cherehani ni yangu, mchana ni yake. Nilimwita mwizi wa mchana.

Spika yake ilikuwa ya redio mbovu, sauti kavu kama omena ya wiki mbili. Siku moja nikifagia niliisogeza karibu na dapi, chungu chetu cha maji, na bwana yangu akaacha kupiga. "Usiiguse! Iache hapo hapo!" Sauti ilikuwa inaingia chunguni na kurudi ikiwa ya mviringo. Tukaanza kujaribu. Chungu kikijaa, inabanwa. Kikiwa kitupu, inavuma kama mtu ndani ya tangi. Mimi ndiye niliyemimina, yeye akipiga noti moja hiyo hiyo na kutikisa kichwa. Vikombe vitatu. Kwa vikombe vitatu alifumba macho.

Tulipokwenda Migori kurekodi, nilikuwa na mimba ya miezi sita. Studio ilikuwa chumba nyuma ya duka la kutengeneza redio. Prodyuza alituona tukishuka kwenye pikapu na cherehani, chungu na tumbo langu.

"Shemeji, mmekuja kurekodi au mmehama?"

Aliposikia ile gita hakutania tena. Alitundika blanketi dirishani, akaweka maikrofoni moja shubiri moja kutoka mdomo wa chungu, nyingine karibu na nyuzi. Kisha akasema, "Lakini hiyo pedali inalia. Inyamazisheni."

Hapo tukafanya ujinga wa watu wa ziwani. Sisi tunaamini mafuta ya samaki aitwaye mbuta yanatibu kila kitu: kikohozi, ngozi, bawaba ya mlango. Nilikuwa na chupa kwenye kikapu. Tukaipaka pedali, tukaupaka waya wa breki. Haukupita muda, paka wakaanza kukwaruza mlango. Wawili, halafu wanne, wanalia kuliko gita. Prodyuza alitoka na ufagio, akawafukuza, wakarudi. Tulipopata kimya, mafuta yalikuwa yameganda na pedali inalia kuliko mwanzo. Bwana yangu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Prodyuza akachoka, akasema, "Piga hivyo hivyo." Na mimi nilichelewa kumimina kikombe cha tatu, kwa hiyo mwanzoni kabisa mwa kanda, kabla gita haijaingia, maji yanasikika yakianguka chunguni. Ni mkono wangu huo.

Kisha bwana yangu akaenda Osiri kuchimba dhahabu. Alitaka gita ya kweli, ya kiwandani, yenye pedali zake. "Nikurudishie cherehani yako mchana," aliniambia. Ilikuwa msimu wa mvua. Shimo likaporomoka. Waliniletea mwili wake, na kile kichwa cha spana kikiwa bado mfukoni. Alikuwa anakibeba hata shimoni.

Nilituma mtu kwa prodyuza aombe ile kanda ipigwe matangani. Akajibu haijakamilika. Bwana yangu akazikwa kwa gita za watu wengine. Mimi nimekaa chini, tumbo mbele, nasikiliza wageni wakipigiwa makofi kwenye mazishi ya mpigaji.

Nilijifungua msichana. Nilikwenda kwa prodyuza mara nne na huyo mtoto. Njoo wiki ijayo. Njoo mwisho wa mwezi. Mara ya nne akaniambia kanda kubwa, ile ya kwanza iliyorekodiwa siku ile, imepotea. Niliamini! Nililia barabara nzima hadi nyumbani kwa sababu niliamini.

Kwa hiyo siku ile kutoka kioskini nilikwenda moja kwa moja kwake. Hakusimama.

"Shemeji, ulitaka nifanye nini? Marehemu hawezi kupanda jukwaani. Kanda inataka mtu wa kuonekana."

"Na sauti?"

"Sauti ni ya studio. Mimi ndiye niliyeitengeneza."

"Vikombe vingapi?"

"Nini?"

"Maji kwenye chungu. Vikombe vingapi?"

Alinitazama kama ninayesema lugha asiyoijua. Mtu aliyekaa siku nzima na masikio yake juu ya chungu kile, hakujua. Nikatoka.

Katika ofisi ya D.O., afisa wa tarafa, karani aliniambia pale wanasikiliza kesi za mipaka ya mashamba, si muziki. "Basi andika kuna mtu amehamia kwenye shamba la marehemu na kung'oa jina lake," nikamwambia. Akanisukumia karatasi niandike mwenyewe. Niliandika nimesimama, mtoto akivuta kalamu. Hii hapa, kama ilivyopigwa muhuri:

Kwa Bwana D.O.,

MALALAMIKO KUHUSU KANDA YA MAREHEMU BWANA YANGU

Mimi ni mjane, fundi wa nguo, mkazi wa Homa Bay. Ninamlalamikia mwenye studio iliyo nyuma ya duka la redio hapa Migori. Aliniambia kanda kubwa ya marehemu imepotea. Haikupotea. Inauzwa sokoni ikiwa na picha ya mtu mwingine, ambaye amesimama, na gita ile haipigwi kwa kusimama.

Ninaomba aitwe mbele yako pamoja na kanda hiyo na yule wa kwenye picha. Mimi nitaleta cherehani, chungu na chuma. Mwambie mtu wa picha akae apige. Kama ataweza, nitaomba msamaha mbele ya watu na kwenda zangu. Kama hataweza, kanda kubwa irudishwe kwangu na jina la marehemu liandikwe pale lilipong'olewa.

Ninaleta malalamiko haya kwa sababu binti yetu alizaliwa baba yake akiwa kaburini. Picha ya baba yake hana. Sauti yake ya kuongea haikurekodiwa. Kilichobaki ni mguu wake juu ya pedali yangu, na unasikika baada ya ubeti wa pili.

Ikiwa ofisini hakuna redio ya kanda, nitakuja na yangu.

Ni mimi, mwenye cherehani.