Uvimbe Nilioudhani Mimba

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika hospitalini saa moja kasoro robo, sare imenyooshwa kwa pasi ya mkaa. Baba yangu, fundi cherehani wa Gongoni hapa Tabora mjini, ndiye aliyeishona, na asubuhi ile alinisindikiza hadi getini. Nilikuwa tabibu mpya, mwanamke pekee katika kundi letu, na nilijiona najua mengi.

Daktari Bingwa wa Upasuaji hakuniuliza jina. Aliitikia shikamoo yangu akiwa anatembea, akanipeleka kwenye meza yenye kopo la kioo. Ndani mlikuwa na uvimbe alioutoa jana yake shingoni mwa mama mmoja.

"Niambie," alisema.

"Ni goita, daktari."

"Hujaniambia kitu. Umenipa jina tu. Una ukubwa gani? Mgumu au unabonyea? Una ganda? Umekaa katikati ya shingo au ubavuni? Mgonjwa akimeza mate, ulikuwa ukipanda naye?"

Akanivalisha glavu, akanifundisha kuupima kwa rula, kuukata kipande kwa kisu kikali, na kukitumbukiza kipande hicho katika fomalini, ile dawa kali inayozuia nyama isioze. Fomalini iwe nyingi, alisema, mara kumi ya nyama, la sivyo kipande kitaharibika kabla ya kufika kwa mtaalamu wa patholojia. Huyo ndiye anayeichunguza nyama chini ya hadubini na kusema kama ni saratani au la. Wetu alikuwa Mwanza. Vipande vyetu vilisafiri kwa treni, na majibu yalirudi baada ya wiki nyingi, wakati mwingine mgonjwa ameshavuna mpunga wake na kutusahau.

Jibu la kopo lile lilipokuja, halikuwa goita. Kilikuwa kifuko ambacho mama yule alizaliwa nacho, masalio ya wakati mtoto anapoumbwa tumboni, kikakaa kimya kwa miaka mingi kabla ya kuvimba. Daktari Bingwa alinipa karatasi niisome, akaenda zake.

Baada ya mwaka na nusu nilihamishiwa kituo cha afya kimoja upande wa Bukene, kwenye njia ya reli ya Mwanza. Tulikuwa watu wachache na wagonjwa wengi. Nilizalisha, nilishona majeraha, nilitoa majipu, nilitibu malaria. Ni hapo nilipofanya kosa ninalotaka vijana wa kazi hii walisome kwa makini.

Shule moja ya sekondari ilikuwa ikituletea wasichana kupimwa mimba kila muhula. Enzi hizo msichana akikutwa na mimba alifukuzwa, na saini ya tabibu ndiyo iliyomaliza shauri. Siku hiyo ilikuwa pia siku ya kliniki ya watoto, kina mama wamejaa barazani, vipimo vya mkojo vimekwisha tangu wiki iliyopita. Akaingia msichana wa kidato cha pili, mrefu, mwembamba, jina lake Kabula. Nilimlaza, nikapapasa tumbo. Kitu cha mviringo kilikuwa kimepanda hadi karibu na kitovu.

"Mara ya mwisho kuona siku zako ni lini?"

"Wiki iliyopita, dada."

"Usinidanganye, Kabula."

"Sikudanganyi. Na mimi sijawahi kulala na mwanamume."

Wote husema hivyo, nilijiambia. Pembe ya kusikilizia mapigo ya mtoto ilikuwa dirishani, hatua mbili kutoka nilipokuwa nimesimama. Sikuichukua. Niliandika: mjamzito, wiki ishirini. Nikatia saini, nikaita anayefuata. Kabula alifunga vishikizo vyake polepole sana. Nilimwona, na sikumwuliza kitu.

Miezi mitano ikapita. Asubuhi moja alikuja mkulima wa makamo akisukuma baiskeli, binti ameketi nyuma ameshikilia tumbo. Alikuwa Mzee Maganga, baba yake Kabula. Alinisalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," kwa upole, kisha akasema kwa Kiswahili, "Daktari, wewe ndiye uliyeandika. Nimemfukuza shangazi yake nyumbani nikidhani ndiye aliyemficha huyo mwanamume. Nimempiga mwanangu ili amtaje. Sasa hesabu ya miezi imepita na binti hajifungui. Niambie, tumboni mna nini?"

Nilimlaza Kabula kitandani kilekile. Safari hii nilichukua pembe. Nilisikiliza kulia, kushoto, juu ya kitovu, chini yake. Kimya. Nilisukuma uvimbe kwa viganja viwili, ukateleza kwenda upande wa pili kama tikiti ndani ya gunia. Hakuna mimba inayotembea hivyo. Nilipoinua macho kumwangalia usoni, alikuwa ananitazama bila kupepesa.

"Nilikuambia," alisema.

Nilimgeukia Mzee Maganga, nikamwambia, "Baba, nilikosea. Huyu hana mimba, na hakuwahi kuwa nayo. Ana uvimbe. Leo hii naondoka naye kwenda Tabora."

Hakunitukana. Alikaa chini, mgongo ukutani, akafunika uso kwa kofia yake.

Tulipanda treni sote watatu. Katikati ya safari Kabula alipiga kelele, akajikunja, akaanza kutapika. Tumbo likakaza upande wa kulia. Nilijua kutoka vitabuni kwamba uvimbe wa kifuko cha mayai huning'inia kwenye kikonyo chenye mishipa ya damu, na kikonyo kikijisokota damu haipiti na nyama huanza kufa. Kujua peke yake hakukunisaidia. Nilimshika mkono, nikamlowesha midomo kwa kitambaa, nikahesabu stesheni. Mzee Maganga alimwambia neno moja tu, tena na tena: "Mwana wane, mwana wane." Mwanangu, mwanangu.

Daktari Bingwa alimpokea Kabula tulipofika, saa sita mchana. Nilimweleza kila kitu, pamoja na saini yangu. Alinisikiliza akiwa anampima, kisha akauliza jambo moja.

"Pembe ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, daktari."

"Basi hukukosa kifaa."

Hakulirudia tena neno hilo, si siku ile wala baadaye. Aliagiza picha ya eksirei ya tumbo, maana hatukuwa na mashine ya mawimbi ya sauti wakati huo. Picha ilipotoka ikiwa bado mbichi, aliiinua dirishani na kuniita. Upande wa kulia wa nyonga kulikuwa na vitu vidogo vyeupe vimepangana.

"Niambie unachokiona."

Nilitazama kwa muda mrefu kabla sijathubutu kufungua mdomo. "Vitu vinne, vigumu kama mfupa. Vina ncha. Vina mizizi." Kisha nikasema kwa sauti ndogo, "Daktari, ni meno."

"Ni meno. Kanawe mikono, utanisaidia."

Uvimbe huo huitwa teratoma. Hutoka katika chembe za mayai, zile zenye uwezo wa kuwa kiungo chochote cha mwili. Mara chache chembe hizo hukosa njia na kuanza kuumba ovyo: ngozi hapa, nywele pale, jino, mafuta. Hahitajiki mwanamume wala mchawi.

Sista Veronika, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, alitupangia vifaa. Daktari Bingwa alipasua tumbo kwa mkato mrefu ulionyooka, akanieleza sababu: tundu dogo lingemlazimu kuuvuta uvimbe kwa nguvu, nao ukipasuka, mafuta yake huunguza utumbo wote. Uvimbe ulitoka mzima, mkubwa kuliko kichwa cha mtoto, rangi ya zambarau. Kikonyo kilikuwa kimejizungusha mara tatu. Kifuko cha mayai cha kulia kilikuwa kimekufa, ikabidi kiende nao. Aliinua cha kushoto kwa vidole viwili, akakigeuza taratibu kama mtu anayechagua yai. Kilikuwa cheupe, kizima.

"Hiki tunamwachia," alisema. "Funga tumbo wewe. Naona unashika sindano vizuri."

Tulipoufungua uvimbe ule ndani ya beseni, tulikuta fundo la nywele ndefu nyeusi limezama kwenye mafuta, na meno manne. Sista Veronika alijifanyia ishara ya msalaba, kisha akaleta kopo la fomalini kama kawaida.

Kabula aliamka salama. Lakini kazi ngumu ya siku ile ilikuwa barazani. Daktari Bingwa alisema baba ana haki ya kujua, na kwamba mimi ndiye nitakayemweleza. Nilimweleza. Mzee Maganga alisikiliza hadi nilipotaja nywele na meno, akasimama.

"Basi nimemjua," alisema. "Ni shangazi yake. Nilipomfukuza alisema nitaona. Yule bibi ana macho mekundu."

Sote wa upande huu tunajua mwanamke mzee mwenye macho mekundu huuawa kama mchawi neno kama hilo likifika kijijini.

"Kaa, baba," nilimwomba. "Macho mekundu ni ya moshi wa jikoni. Nikuulize. Ukivunja yai bichi la kuku, unaona manyoya?"

"Hapana."

"Mdomo? Kucha?"

"Hapana."

"Vinatoka wapi kifaranga akitotolewa? Umeona mtu akija kuvitia?"

Aliketi polepole.

"Vimo ndani ya yai tangu mwanzo, vinangoja. Na mwanamke ana mayai yake. La Kabula moja liliamka vibaya, bila jogoo, bila mtu. Ukitafuta aliyemkosea mwanao, usiende mbali. Dada yako hakumkosea. Mimi ndiye niliyeandika uongo juu yake, na wewe ukampiga kwa sababu ya karatasi yangu. Tupo wawili hapa barazani. Hakuna wa tatu."

Huyu mwanamume mzima alilia kwa sauti, wagonjwa wakageuka, Sista Veronika akamletea maji. Aliporudi kijijini jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kumleta dada yake nyumbani. Nilithibitisha mwenyewe, maana nilikwenda.

Jibu kutoka Mwanza lilisema si saratani. Nilikwenda nalo kwa mkuu wa shule. Aliniambia nafasi ya Kabula imeshapewa mwingine na kwamba habari zimeshapoa, kwa nini nizichochee. Nilimwomba dakika tano mstarini, mbele ya wanafunzi wote. Alikataa. Nikarudi tena, na tena, safari hii nikiwa na barua ya Daktari Bingwa. Mara ya tatu alichoka. Nilisimama juu ya ngazi ya mstarini, nikawaambia wasichana na wavulana wale kwamba Kabula alisema kweli na mimi, tabibu, nilisema uongo kwa sababu ya haraka. Muhula uliofuata Kabula alirudi darasani.

Mimi nilirudishwa Tabora, nikaenda kusoma tena, nikawa daktari msaidizi wa upasuaji. Nilifanya kazi chini ya Daktari Bingwa yule hadi alipostaafu, kisha chini ya wengine wawili. Nimetoa uvimbe wa taya uliokuwa umemziba mtu mdomo. Nimekutana na mfugaji wa Ziba aliyetumwa kwetu akatwe mguu kwa saratani. Nilikamua usaha wa mguu huo, nikauchuja kwa gozi, kile kitambaa chepesi cha vidonda, nikaona chembe ndogo za njano kama mtama. Hiyo haikuwa saratani. Vilikuwa vijidudu vilivyoingia na mwiba, na alitibiwa kwa sindano na vidonge kwa miezi mingi, akaenda nyumbani kwa miguu yake miwili. Wengine sikuwaokoa. Majina yao ninayo.

Watu huniuliza kama kazi hii ilinichosha. Ilinichosha. Lakini shukrani nilizonazo ni nyingi kuliko uchovu. Nawashukuru walionifundisha bila kunidhalilisha, na wagonjwa waliovua nguo zao mbele yangu na kuniamini kabla sijastahili.

Nilipoagwa kwa kustaafu mwaka juzi, chakula kilikuwa kimekwisha na viti vinakunjwa alipoingia mwanamke mrefu, mwalimu, amekuja na basi kutoka Nzega. Ana watoto watatu sasa. Tulikuwa tumeonana mara kadhaa katika miaka hiyo yote, tukazungumza mvua na shule, na hatukugusa jambo lile. Nilimshika mikono.

"Kabula, nilimwomba radhi baba yako. Niliiomba shule nzima. Wewe sijawahi kukuomba."

"Najua," alisema. "Nilikuwa nangoja."

"Nisamehe."

"Iliniuma sana, mama. Sitasema haikuniuma." Kisha akavuta kiti kimoja kati ya vile vilivyokunjwa, akakikunjua, akaketi karibu yangu. "Haya, sasa nisimulie. Hayo meno yalikuwaje? Hakuna aliyewahi kuniambia."

Nikamsimulia yote, tangu mwanzo, naye akasikiliza.