Tuta la Maua ya Altare

Ng'ombe wa wafugaji wakipita hapa Ruangwa, harufu ya mavi yao hunirudisha kwenye shamba la misheni, kule Nachingwea. Kabla ya mvua, mama alitutaka mimi na dada yangu kila mtu aandae tuta lake la kupandia maua meupe ya altare, yale yanayoota kutoka kwenye tunguu. Mwenye udongo laini zaidi ndiye angebeba maua siku ya Pasaka.

Nilichimba kina cha kiwiko, nikavunja mabonge kwa vidole, nikachanganya mchanga wa mtoni na samadi iliyopoa. Dada alikaa kivulini anajisuka. Mama alipokuja, mkono wake ukazama kwenye tuta langu kama kwenye unga.

“Hili la nani?”

“Langu, mama,” dada akadakia. “La huyu ni lile lenye mabonge.”

Nikasema anadanganya. Mama akaitazama mikono yangu yenye malengelenge.

“Wivu huo, mwanangu. Mwenzio anasoma shule, aseme uongo wa nini?”

Ni dada aliyenifanyia hivyo, nasema wazi, na mama akamwamini. Pasaka ilipofika alibeba maua, akina mama wakampigia vigelegele. Mimi niliimba na wenzangu wa kwaya huku naomba yamnyaukie mkononi. Hayakunyauka.