Kolachi za Mlango wa Kijani

Mwaka ule mjukuu wake alipoolewa, bibi niliyekuwa nikimtunza huku ughaibuni, Penrith, alikuwa na miaka themanini na minne na ubishi wa watu kumi. Vidole vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, lakini mdomo ulikuwa mzima kabisa. Alikaa jikoni akinisimamia nikikanda unga. "Unaubembeleza wa nini? Upige!" Mimi niliyekanda maandazi Kitale tangu darasa la tatu, leo nafundishwa kukanda! Nikanuna, kisha nikaupiga.

Alizaliwa katika mji mdogo ng'ambo ya milima, mwendo wa saa tano kwa gari, uliojengwa na Wacheki na Wajerumani waliokuja na mbegu za ngano na tarumbeta zao. Mtaa ni mmoja tu. Kanisa la Wakatoliki liko mwisho huu, la Walutheri mwisho ule, na katikati kuna ukumbi ambamo wote hucheza pamoja mpaka mbao zinalia. Pale harusi haitangazwi kwa kadi. Wiki moja kabla, kila nyumba hupelekewa sahani ya kolachi, vimaandazi vya kuoka vyenye jibini laini au jamu ya plamu katikati. Aliyeletewa sahani amealikwa, na aliyerukwa ameelewa.

Bibi alinitajia nyumba kumi na nane, nami nikaziandika. Hakuniambia kwamba mtaa una kumi na tisa, wala kwamba ile aliyoiacha ni ya mdogo wake wa damu. Mdogo mtu aliolewa na Mjerumani akahamia kanisa la mwisho ule, na hilo bibi alilisamehe. Lakini siku ya kumzika mama yao waligombania duveti yake, blanketi nene la manyoya ya bata bukini, na tangu hapo hawakusemezana miaka ishirini na sita. Ndugu wengine wote walikuwa wamekwisha kufa. Haya yote niliyajua baadaye, maji yalipokwisha kumwagika.

Rafiki yangu Mrundi, mtunza wazee kama mimi, alitoka kwake Merrylands, akatuchukua Penrith na kutuendesha hadi huko, gari zima likinukia hamira na siagi. Tulimwacha bibi apumzike kwa mwanawe, sisi tukaanza kugonga milango. Wenyeji walitegemea nitoe sahani niende zangu. Mimi nikaingia kila nyumba, nikaketi, nikanywa chai, kwani kwetu mtu hatumwi kupeleka chakula akasimama nje kama mdai deni. Kufikia nyumba ya saba nilikuwa naomba choo kabla ya salamu.

Mwisho wa mtaa rafiki yangu akapunguza mwendo. "Dada, ile nyumba ya mlango ya kijani, tunaacha juu ya nini? Harufu imeshafika kwao."

Nikaangalia karatasi. Haikuwemo. Nikasema moyoni, maskini bibi, uzee huu, amesahau jirani. Sahani ya akiba ilikuwepo.

Aliyefungua alikuwa mama mfupi mwenye kidevu ambacho nilikijua, ila sikukumbuka nilikiona wapi. Aliitazama sahani muda mrefu. Akachukua kolachi moja, akaila palepale mlangoni, polepole, hadi chembe ya mwisho.

"Yeye mwenyewe ndiye aliyekutuma?"

Ningemwambia nini, nianze kumsomea orodha? "Ndiyo, mama," nikajibu. Akafunga mlango bila kunikaribisha chai, nikamwona hana adabu.

Nilirudi najisifu. "Nyumba zote kumi na tisa, bibi!"

"Kumi na tisa?"

Alinigombeza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Rafiki yangu akakumbuka ghafla kwamba gari halijafungwa. Hapo nikaelewa nilichofanya, lakini na mimi nina hasira zangu. "Mimi sijui kuruka mlango wa jirani," nikamwambia. "Ukitaka, nenda ukamnyang'anye!"

Kabla hajanijibu tukasikia fimbo ikigonga barazani. Mdogo mtu alikuwa amesimama mlangoni akihema, ametembea mtaa mzima na sahani kwapani, imeoshwa. Hakuingia.

"Huyu anasema ulimtuma kwangu," akamwambia dada yake. "Ni kweli?"

Bibi alinigeukia. Nilijua kwamba neno lake moja tu lingenifanya mwongo mbele ya watu, na lingemrudisha yule mama nyumbani kwake na fimbo yake, safari hii kwa milele.

"Nilimtuma," bibi akasema. Kwa kuwa mikono haikumtii, akakisukuma kiti kwa mguu. "Haya kaa, usinisimamie hapo kama polisi."