Betri Iliyonyweshwa Maji

Harufu ya petroli ndiyo iliyotuletea gari la umeme nyumbani. Mama yangu hawezi kupanda gari la petroli bila kutapika, na hatapiki kistaarabu. Hutoa chai, hutoa uji, hutoa dawa za sukari alizomeza asubuhi, na tumbo likiisha vitu huendelea kutoa nyongo. Mimi nami ni mtu wa kinyaa tangu utotoni. Nauza vitenge hapa senta ya Kaniha, na nimewahi kumnyang'anya mteja kitambaa kwa sababu alikishika na vidole vyenye mafuta ya maandazi. Sasa mtu wa namna hiyo mkalishe kiti cha nyuma cha gari lililojaa, mpe mfuko wenye vuguvugu aushike kwa mikono miwili, halafu barabara iwe ya mashimo. Nilikuwa nashuka hospitalini Biharamulo nikiwa mgonjwa kuliko mgonjwa.

Lakini hospitali haikuepukika. Mama alikuwa na kidonda chini ya unyayo, cha ugonjwa wa sukari, kilichotakiwa kusafishwa na kufungwa upya kila baada ya siku chache. Daktari alitueleza bila kupaka asali: tukizembea, mguu utakatwa. Na mama, kwa kuogopa gari, alishaanza kuzembea. Mara leo anajisikia nafuu, mara leo mvua, mara leo kuna msiba kwa jirani. Kidonda kikaanza kunuka. Nilipokisikia nikiwa sebuleni naye yuko chumbani, nilitoka nje nikampigia simu kaka yangu aliyeko Dar es Salaam, nikamwambia kwa hasira kwamba mguu wa mama unaoza naye anakula urojo.

Kaka akatafuta, akapata kigari kidogo cha umeme, mtumba kutoka nje, akakipakia kwenye lori hadi kwetu. Nikajifunza kukiendesha. Siku ya kwanza mama alikaa mbele, dirisha limefungwa, leso mdomoni tayari kwa vita. Tulipofika mjini aliitoa leso akaniuliza kama tumeshafika. Nilikaribia kulia. Gari halikunguruma, halikunuka, na mama alishuka na chai yake tumboni. Tangu siku ile hatukukosa kwenda hata mara moja, na kidonda kikaanza kujifunga pembeni, nyama nyekundu safi.

Nisiseme gari lenyewe lilikuwa raha tupu. Kulichaji ilikuwa karaha. Mwanzoni tulipitisha waya wa kawaida dirishani, ule wa kuunganishia redio, ukapata moto hadi plastiki ikanuka chumba kizima. Fundi umeme akaja kuweka waya mnene na swichi yake peke yake, akaacha ukuta umechanwa kama uliopigwa na radi. Umeme ukikatika usiku, asubuhi gari liko vilevile na safari imekufa. Kuku wa jirani wakagundua kwamba chini ya gari kuna joto, wakahamia huko. Kila alfajiri nilikuwa nauokota waya wa kuchajia umepakwa mavi ya kuku, mabichi, na naufuta kwa karatasi huku nimegeuza uso.

Kilichonichosha zaidi ni midomo ya watu. Hapa hakuna aliyewahi kuliona gari la umeme, lakini hakuna asiyelijua. Masika yalipoingia ndipo ujuaji ulipochanua. "Muuza vitenge, siku ukivuka dimbwi na hilo gari lako utakaangika kama kitumbua!" Kuna mzee alinishauri nivae viatu vya mpira nikiwa naendesha. Kaka alishanieleza kwamba betri imefungwa ndani ya sanduku chini ya sakafu, mvua na dimbwi la kawaida haviidhuru, ila nisiingie kwenye maji yenye kina. Nilifanya hivyohivyo. Mto ukijaa nilisubiri. Masika yote gari likapita kwenye tope na halikupiga chafya.

Shida yake ilikuwa moja: betri ilikuwa ya zamani. Kwenda na kurudi ilitosha, lakini kwa kubana, na kadiri miezi ilivyokwenda tulikuwa tunarudi nyumbani ikiwa imebaki kidogo kuliko safari iliyopita. Nilifanya kosa la kumwambia mjomba jambo hilo kwenye simu.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama. Anaishi Keza, wilaya ya Ngara, ambako mama alizaliwa kabla ya kuolewa huku. Wazazi wao walikufa mapema na yeye ndiye aliyemlea mama, akamsomesha, akampeleka kwa mumewe. Kwa mama, neno la mjomba ni amri. Na huko Keza mjomba ni fundi wa betri za sola. Nyumba nyingi za huko zinawashia taa kwa betri kubwa zile zenye vifuniko juu, na betri ikichoka mjomba huitwa. Huzifungua, huzitazama, huziongeza maji. Si maji ya bomba wala ya kisima. Ni mvua ya kwanza ya msimu, iliyokingwa uwanjani kwenye sufuria, ambayo haikugusa bati wala majani ya mgomba. Watu wa Keza na Ntobeye huihifadhi mwaka mzima kwa ajili ya betri, na ukiwa huna unaomba kwa jirani kama unavyoomba chumvi.

Alikuja kumjulia hali dada yake. Kutwa nzima barabarani, na mapajani amepakata chupa kubwa ya plastiki.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia gari renu rinachoka mapema. Nimereta dawa."

Niliitazama ile chupa. Ilikuwa ya rubisi, pombe ya ndizi, na machicha yake yalikuwa bado yameganda shingoni, ya kahawia. Ndani mlikuwa na maji ya mvua. Nikamweleza, kwa adabu yote niliyonayo, kwamba betri ya gari hili si kama ya sola. Haina vifuniko, hainywi maji, imefungwa kiwandani. Akanisikiliza huku anatabasamu, kama mtu anavyomsikiliza mtoto anayedai kwamba mbuzi wake anaongea.

"Hakuna betiri isiyokunywa," akasema. "Kuna betiri ambayo mwenyewe hajajua mdomo wake uko wapi."

Nikamwambia mama amkataze. Mama akacheka. Akasema kaka yake anatania.

Sikuwa na amani, lakini asubuhi yake ilikuwa siku ya gulio na mimi nakula kwa gulio. Kabla sijaondoka nilimkuta mjomba ameshaliweka gari juu ya matofali na kulifunika turubai, kwa sababu mawingu yalikuwa yametanda. Nilishangaa. Nikamuuliza, wewe si ndiye unayetaka kulinywesha maji, mbona unalikinga na mvua?

"Maji ya nje ni homa, ya ndani ni uji," akanijibu. "Wewe ukinyeshewa si utaugua? Na ukikosa maji ya kunywa si utakufa?"

Nikaondoka nikiwa nimepata ahueni, kwa kuwa kuna turubai. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Waliosema hivyo hawakuwa na mjomba.

Niliporudi mchana, kiti cha nyuma kilikuwa kwenye nyasi, miguu juu. Zulia la gari limekunjwa, na kuku wamesimama juu yake wanadonoa. Pembeni ya zulia kuna mpini wa rangi ya chungwa ambao sikuwahi kuuona. Mjomba alikuwa amechutama ndani ya gari, nusu yake tu inaonekana, kaptula imeteremka na makalio yamechungulia. Alikuwa ameona kifuniko chini ya zulia, akakifungua, akauona ule mpini, akauvuta ukatoka. Ukaacha tundu. Basi, mdomo umepatikana. Alikuwa amekata kichwa cha chupa nyingine kikawa faneli, na alikuwa anamimina. Maji alikuwa anayachuja kwa ncha ya shati lake mwenyewe, shati alilosafiri nalo.

"Mjomba!"

Aligeuka taratibu. Akachovya kidole kwenye lile tundu, akakiweka ulimini, akakilamba, akafikiri, akatema mate kwenye sakafu ya gari. Ndivyo wanavyopima betri za sola huko kwao, kwa ulimi. Nilishika mlango, macho nimeyafumba.

"Rimekunywa yote," akasema. "Ririkuwa na kiu hiri."

Kabla sijamfikia alishaurudisha mpini mahali pake na kuubana. Nilikwenda mbele nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Taa nyekundu zikawaka, nyingine sijawahi kuziona, kisha zikazima zote. Ikatoka harufu chini ya viti. Sijui niifananishe na nini. Ilikuwa na utamu ndani yake, utamu mbaya, wa dawa ya kucha iliyochanganyika na yai viza na plastiki inayoungua. Ilinishika kooni. Kukasikika kitu kinachemka kwa sauti ndogo.

"Rinacheua," mjomba akasema kwa furaha. "Mtoto akishiba hucheua."

Nilimtoa mama nyumbani nusu nimembeba. Majirani wakaja, wakasikia harufu, wakarudi nyuma, na vijana wenye moyo wakaliondoa matofali na kulisukuma hadi kwenye uwanja mtupu mbali na nyumba. Halikuwaka moto. Lilichemka hadi jioni, likanyamaza. Kaka alimpigia simu aliyemuuzia, na jibu likaja: msiliguse, msilichaji, lisikae karibu na nyumba, betri imeingia maji na imekufa. Nyingine ya aina ile haipatikani huku, na huko inakopatikana bei yake ni nzito kuliko ya gari lenyewe. Akaongeza kwamba mzee huyo amshukuru Mungu, kwa sababu ule mpini aliouvuta ndio unaokata umeme mkubwa. Angechimba tundu mahali pengine, tungekuwa tunazika.

Usiku ule nilikuwa na maneno ya kumwambia mjomba, nimeyapanga vizuri kama majora ya vitambaa dukani. Mama akanishika mkono jikoni.

"Hutamwambia."

"Mama, ameliua gari! Ameuua mguu wako!"

"Mguu ni wangu. Hutamwambia. Amekuja kutwa nzima na chupa mapajani. Mimi nikiwa na miaka sita nilikuwa nakojoa kitandani kwake, na hakuwahi kunitajia hadi leo."

Nilichukia. Nasema kweli, nilimchukia mama kuliko nilivyomchukia mjomba, kwa ule upole wake unaonifanya mimi nionekane mwenye roho mbaya. Mezani mjomba alikula ugali wangu kwa kile kidole kilekile, akasema gari ripumzike siku tatu kama zinavyopumzika betri za sola, baada ya hapo ritakimbia. Mama akasema, "Asante, kaka." Mimi sikula. Asubuhi akaondoka na basi, na chupa yake tupu akabeba, maana maji ni zawadi lakini chupa ni chupa.

Siku ya kusafisha kidonda ilipofika, mama alikaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu. Nilidhani ataanza tena: leo nina nafuu, leo kuna msiba. Alikunywa maji tu, akakataa chai, akaniambia nikatafute mchomoko, yale magari madogo ya abiria yanayopakia hadi kwenye buti.

Lililopatikana lilikuwa baya kuliko yote niliyowahi kupanda. Nyuma kulikuwa na dumu la petroli lenye kifuniko cha mfuko wa nailoni, na kila tulipoingia shimoni lilicheua. Tulikuwa wanne kiti cha nyuma. Hatujafika mbali mama akaanza. Kwa kuwa hakula, kilichotoka ni maji, kisha povu, kisha nyongo ya kijani. Abiria wakafungua madirisha, mmoja akatema mate nje kwa sauti ili tumsikie. Nilishika mfuko kwa mikono miwili. Dereva hakupunguza mwendo.

Simu ya mama ikaita ndani ya kanga yake. Nikaitoa, nikaona ni mjomba, nikataka kuikata. Mama akanyoosha mkono. Akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga, akavuta pumzi, akaiweka sikioni. Hata mimi nilimsikia mjomba, anavyopiga kelele kwenye simu kama yuko ng'ambo ya bonde.

"Mdogo wangu! Gari ripoje? Rimepona?"

"Limepona, kaka," mama akasema, sauti imenyooka kabisa. "Linakimbia. Hata sasa hivi tumo ndani yake, tunakwenda hospitali."

"Harinuki?"

"Halinuki hata kidogo."

Mjomba akacheka kwa raha. Mama akanitazama, macho yamejaa maji ya kutapika, akanionyesha kwa kidole nisogeze mfuko karibu, haraka. Nikausogeza. Akaifunika simu kwa kiganja, akainama akatapika, akanyanyuka, akasema, "Nipo kaka, endelea, nakusikia."