Ng'ombe wa Dada na Mashine za Gemu

Mwezi uliopita nilikwenda Nkende kumsalimia mama, nikapita kwenye chumba kilichokuwa kibanda chetu cha gemu. Siku hizi ni saluni. Mwenye saluni alinivutia kiti akidhani nataka kusuka, nami nikakaa kweli. Juu ya kioo bado kuna matundu manne ya misumari, pale kaka alipofunga televisheni ya kwanza. Nikamwambia msusi anisuke twende kilioni, ule mtindo wa haraka haraka, ili nipate sababu ya kukaa.

Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, maana kama hukukulia kwetu utashangaa gemu na ndoa vinakutana wapi. Kwa Wakurya, binti akiolewa, ng'ombe wanaoingia zizini huwa wana kazi. Kaka yake ndiye ataoa nao. Dada yangu alipoolewa Nyanungu, ng'ombe wake walifika kwetu asubuhi wamejaa vumbi, akina mama wakapiga vigelegele, na kila mtu akajua kwamba sasa kaka atapata mke. Kila mtu alijua na jambo la pili, ambalo watu hawalisemi siku ya sherehe. Ndoa ikivunjika, ng'ombe wanarudi walikotoka. Wasiporudi, mwanamke ni mke wa mtu yule yule, hata kama analala kwa mama yake.

Kaka hakuwa na haraka ya kuoa. Alikuwa ameona mashine ya gemu huko Sirari mpakani, akarudi hana hadithi nyingine. "Tata," alimwambia baba, "ng'ombe anazaa mara moja kwa mwaka. Mashine inazaa kila mechi." Baba hakuwa mtu wa kushawishika, ila kwa kaka alikuwa laini kama ugali wa mgonjwa. Siku ya tatu akakubali. Ng'ombe wote wakapelekwa mnadani, pesa zikanunua mashine tatu. Bibi hakula siku ile. Aliketi na bakuli lake la maziwa mgando, akasema, "Mmeuza njia ya mtoto ya kurudi nyumbani." Sisi tukaona ni uzee tu.

Na sikufichi, nilikuwa na raha. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na chumba kile kilikuwa ulimwengu wangu wote. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mchoma nyama, na harufu ya kichuri, ule mchuzi mchungu wa utumbo wa kuchovyea nyama, iliingia mpaka kwenye pedi tulizoshika. Wachimbaji wa dhahabu walitoka Nyakunguru na matope kwenye mabuti, wengine Wasukuma, wengine Waha, wakijibana kwenye mabenchi. Kaka alikuwa na akili, hilo nampa mpaka leo. Umeme ukikatika alikuwa na betri ya gari pembeni. Alitangaza mechi kwa Kikurya kama mtangazaji wa redio, na watu walikuja kumsikiliza tu. Halafu akanibuni mimi. Akaandika mlangoni kwa chaki kwamba atakayemfunga huyu binti anacheza bure siku nzima. Wanaume wenye ndevu walitoka pale wamenuna. Mwalimu wangu alichungulia siku moja akasema laiti ningeshika kalamu hivyo. Nikamwamkia, nikaendelea kucheza.

Dada alikuja katikati ya msimu wa kupalilia. Nilimkuta asubuhi jikoni kwa bibi anamenya muhogo, mtoto mgongoni, kitambaa kimefungwa kidevuni. Alipoongea niliona meno mawili hayapo. "Sirudi kule," alisema. Hakulia. Baba alitoka, akasimama mbele ya zizi tupu, nami nikiwa mtoto nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba zile mechi zangu nilikuwa nachezea ng'ombe wa dada.

Baada ya siku chache walikuja wazee wa upande wa shemeji. Walikunywa uji wa wimbi, wakasifu uji, wakasema kwa upole kwamba wanataka ng'ombe au mke. Wakapanga siku ya kurudi.

Kaka alichanganyikiwa. Mashine zetu zilikuwa zimezeeka na vijana walikuwa wameanza kuulizia ile mpya, ambayo wachezaji wake wanaonekana jasho usoni. Akauza zote tatu tulizokuwa nazo, akavuka mpaka, akarudi na moja. Aliiweka mezani mbele ya dada. "Hii ndiyo itakayonunua ng'ombe wa kukutoa," alimwambia. Aliamini, na sisi tukaamini.

Tulipoiwasha, gemu haikufunguka. Sidi ilikuwa ndani, lakini mashine ilidai kwanza ivute sehemu nyingine ya gemu kutoka kwenye mtandao. Waliotengeneza mashine ile walijaribu bahati yao huko kwao, wakidhani kila nyumba duniani ina mtandao wa kumwaga. Bahati nasibu ilikuwa yao, waliotozwa ni sisi. Kaka aliipandisha simu yake juu ya bati ili ishike mtandao, akawa ananunua bando juu ya bando. Kwenye kioo palitokea mstari mwembamba wa buluu uliokuwa ukitambaa kama mtu anayekwenda kwenye kesi yake. Kibanda kilifungwa, tukawa tunautazama mstari. Mama aliuombea kanisani bila kuutaja. Bibi, ambaye hakuwahi kuuliza habari za gemu, akawa kila akiamka anauliza, "Umefika wapi?" Dada alikuja na kigoda chake, akakaa mbele ya ule mstari ananyonyesha.

Ulijaa asubuhi ya siku ile ile waliyopanga wazee.

Kaka alifungua mlango, na kabla ya saa nne watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Alinikabidhi pedi. "Wabakize humu," aliniambia, "mimi naenda kuwaomba wazee mwezi mmoja. Nitawaleta waone watu wenyewe." Akaenda mbio. Nilikuwa nacheza na mchimbaji mmoja mrefu kutoka Geita, naongoza kwa bao moja, dakika zimebaki chache, niliposikia sauti ya dada mlangoni.

"Mdogo wangu, naenda."

"Ngoja, dada, namaliza," nilijibu bila kugeuka.

Nilishinda. Watu walipiga makofi, mchimbaji akanipa mkono. Nilipogeuka, mlangoni pamesimama wateja. Wazee walikuwa wamekataa ule mwezi, na dada alikuwa ameshafika barabara kuu, mtoto mgongoni, mfuko mkononi, wanaume wawili mbele na wawili nyuma.

Alifariki kabla ya mavuno. Walisema ni homa. Mama ndiye aliyekwenda kumwosha, akarudi akaketi kwenye mlango wa jiko, na mpaka leo hajasema alichokiona. Baba aliomba mwili azike nyumbani. Wazee wa kwa shemeji wakamjibu bila hasira kwamba kwanza waone ng'ombe. Akazikwa Nyanungu, nyuma ya nyumba ya mwanaume yule.

Mashine ile kaka aliivunja kwa shoka, akaenda kuishi na wachimbaji, akirudi tunajua tu kwa kikohozi chake. Bibi hayupo, baba hayupo, pale palipokuwa na zizi wamejenga vyumba vya kupanga. Watoto wa Nkende wanacheza kwenye simu, kila mmoja kivyake, na ukiwaambia kwamba watu wazima waliwahi kusukumana kumtazama binti mwenye pedi, wanacheka, wanarudi kwenye simu zao.

Mimi huenda Nyanungu mara moja kwa mwaka kupalilia kaburi. Siwezi kwenda moja kwa moja. Naanzia mlangoni kwa shemeji, nainamisha kichwa, namwambia shikamoo, kwa kuwa ni mkubwa kwangu na dada bado ni mke wake. Anaitika marahaba, anamaliza chai yake, ndipo ananiruhusu kupita.