Nywele Nyeupe za Ocen

Nakumbuka siku moja ya jua zuri hapa Kyebando, Kampala, mwanangu, nilipomkalisha Ocen kwenye kigoda kando ya dirisha letu. Taa za studio sikuwa nazo. Nilikuwa na kamera ya marehemu baba, shuka ukutani, na sinia la pilau. Dirisha linaangaza shavu moja, sinia linarudisha mwanga kwenye shavu la pili, basi. Watu walinicheka, eti mwanamke anapiga picha kwa sinia. Wacheke!

Ocen alikuwa askari polisi, mtu wa kaskazini, jirani yetu. Mkewe, Mama Lamwaka, alikuwa na mimba kubwa, na yeye ndiye aliyeshika sinia. Likawa linatikisika kwa kicheko, maana mumewe alikaza uso kama yuko gwaride. "Tulia, bambi, tafadhali," nikamwambia mkewe, nikapiga.

Ilikuwa miaka ya utawala wa jeshi, na askari na polisi wa kaskazini walikuwa wakisakwa. Maduka ya Old Kampala yalikuwa matupu, dawa za kusafishia picha ni za kubahatisha, kwa hiyo sisi wapiga picha tulingoja filamu ijae ndipo tuisafishe. Mama yangu mzazi akaniuliza, "Picha ya watu iko wapi?" Nikamjibu kuwa haraka haraka haina baraka. Alinitazama, we!

"Na ngoja ngoja? Siku hizi mtu anatoka kununua chumvi, harudi. Uso wa mtu hauwekwi akiba."

Nilinuna. Filamu ilikuwa imebakiza nafasi chache tu.

Wakaja watu na gari, mchana kweupe, wakamchukua Ocen. Mkewe alikwenda gerezani Luzira, akaenda kambini, kote akafukuzwa. Alipojifungua alikuja kwangu na mtoto mgongoni. "Dada, nipe sura yake tu. Huyu atamjuaje baba yake?" Siku hiyohiyo nikasafisha filamu. Karatasi ya kuchapia sasa? Nilizunguka mji mzima, sikupata hata kipande.

Nikamkatia ile filamu yenyewe. Akaiinua dirishani, palepale alipokaa mumewe. Filamu hugeuza mambo, mwanangu: shati jeupe huwa jeusi, na nywele nyeusi huwa nyeupe pe. Akaitazama mno.

"Kumbe angezeeka vizuri," akasema.

Kisha akalia, nami nikalia. Akaifunga kwenye pindo la kanga, akarudi kwao kaskazini. Karatasi ilipokuja kupatikana mjini, sikujua nimtafute wapi. Ocen hakurudi. Hata kaburi hana.

Leo wewe una taa, una simu, unaniambia utanipiga picha nzuri wikendi. Mwanangu, mtu akikuomba sura yake, mpe leo, hata mwanga ukiwa mbovu. Usimngojeshe mtu kwa sababu ya uzuri. Na Mungu akuzeeshe, mpaka nywele zako ziwe nyeupe kichwani, si kwenye filamu.