Simsim Aenda Kanada

Nagwan, mshonaji wa Shubra, Kairo, alimuuguza Simsim, mbwa wa mtaani aliyevunjwa mguu, kwa miezi minane, mpaka familia moja ya Kanada ikakubali kumchukua. Siku ya safari, bawabu Atris alipanda ghorofani kusaidia kubeba kizimba.

"Mbwa kapata viza, bibi, mimi nimenyimwa mara mbili. Si unitie humo na mimi?"

"Usikiguse. Wewe ndiye uliyemvunja mguu huo. Nilikuona kutoka dirishani."

"Alikuwa anawabwekea watoto."

"Alikuwa amelala, Atris."

Nagwan akakishusha kizimba peke yake ghorofa nne. Picha ya Simsim kwenye theluji ilipofika, aliwaonyesha majirani wote. Atris alipoomba kuiona, Nagwan aliitia mfukoni akapita.